Leta na njia ya ku shamba

Wandugu, Leta inajua njia ya ku shamba tangu zamani. Mwaka 1917 Wabelgiji walitoa amri: mkulima alime kwa lazima, zaidi pamba, na mwenye kukataa afungwe. Mwaka 2003, kule Maputo, nchi za Afrika, na yetu ndani, ziliahidi kilimo asilimia 10 ya bajeti. Mwaka 2011 sheria yetu ya kilimo ikaweka mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo.

Lakini sisi, tuliporudi, mbegu ya maharagi tulinunua na franga za likelemba. Hata ku maonyesho ya chakula, meza za fromaji, sombe na asali tulilipa wenyewe.

Wafadhili, aksanti sana. Ila tuulize pamoja: ule mfuko unafika kwetu lini? Leta iliyojua kuchukua, ijue na kuleta.