Sonona Sugu: Mashine na Msikilizaji

Mtu wa Nyakato akielemewa na sonona, majirani husema ana mawazo. Usemi huo una hekima, kwa kuwa humwelekeza mgonjwa kwa mtu wa kuzungumza naye. Historia ya tiba, hata hivyo, ilitenganisha mambo mawili: ubongo ukakabidhiwa mashine, maneno yakaachwa kando.

Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilifungua hospitali ya Mirembe, Dodoma. Hospitali za aina hiyo zilijengwa zaidi kwa ajili ya kuwatenga wagonjwa kuliko kuwasikiliza. Mwaka 1938, mjini Roma, Cerletti na Bini walianza kutibu kwa mshtuko wa umeme. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kuwa ubongo waweza kuchochewa kwa sumaku kutoka nje ya fuvu, mtu akiwa macho.

Somo kubwa la mazungumzo lilitoka jirani zetu. Katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, vijiji 30 vilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Wenyeji waliopewa mafunzo mafupi waliongoza vikundi vya wagonjwa kwa wiki 16. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, kwa wasiopata tiba hiyo, asilimia 54.7.

Leo njia hizo mbili zinakutana. Huko Uholanzi, wagonjwa 196 walipewa sumaku na mazungumzo kwa pamoja. Ripoti ya mwaka 2018 ilieleza kuwa asilimia 66 walipata nafuu kubwa. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, hivyo tusishangilie kupita kiasi. Hoja yao inaeleweka lakini: mashine huulegeza ubongo, mazungumzo huufundisha njia mpya.

Kwetu, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Nani atafungua moyo wake mahali ambapo neno moja laweza kumfikisha polisi? Sheria hiyo ifutwe kwanza. Mgonjwa sugu anastahili mashine katika hospitali ya rufaa, nayo ipangiwe bajeti. Lakini msikilizaji wa kituo cha afya anaweza kufunzwa sasa, na hata siku mashine itakapofika, kazi yake haitakwisha.