Ntumba, mahindi na kadi ya kliniki (sehemu ya 3)

Mama zangu na dada zangu, tuendelee. Wiki iliyopita wengi mliniuliza: inakuwaje Rukwa tunajaza malori ya mahindi kila mwaka, halafu watoto wetu ndio wanadumaa? Swali zuri, wala si la aibu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka 5 wana udumavu. Nchi nzima ni asilimia 30. Na sisi ndio ghala!

Jibu mojawapo limelala shambani. Bibi zetu wa Ufipa walilima ntumba. Mvua zikielekea kuisha, wanakatua nyasi na kuzifukia ndani ya tuta la mviringo, zinaozea humo humo. Juu wanapanda maharage. Msimu unaofuata tuta linasambazwa, udongo umeshiba, wanapanda ulezi. Mfuko wa mbolea haukuwepo. Leo ikija semina ya mboji na mabadiliko ya tabianchi, wazee wanacheka chinichini.

Kisha ikaja miaka ya 1970. Mkoa wetu ulianzishwa 1974, na miaka hiyo hiyo serikali ikaweka bei moja ya mahindi nchi nzima, pamoja na mbolea ya ruzuku. Mkulima wa Sumbawanga akalipwa sawa na wa karibu na Dar. Wewe ungekataa? Mimi siwalaumu, hela ile ilisomesha watoto, wa kike na wa kiume. Ila mahindi yakameza mashamba, ulezi ukabaki zaidi wa pombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ikaondolewa. Mahindi yalikuwa yameshazoea mbolea, na bei yake ikamwangukia mkulima.

Juzi alikuja mama mdogo tu, aliishia darasa la saba. Mtoto ana miezi 14, urefu uko chini ya mstari. Anakula nini? Uji wa sembe, asubuhi na jioni.

"Maharage hamna?"

"Yapo, nesi. Lakini hayo ni ya sare na madaftari ya mdogo wangu wa kike, ameingia kidato cha kwanza."

Ungemjibuje? Sikumgombeza. Tulikaa kwenye benchi tukapiga hesabu: kisado kimoja kibaki nyumbani, mengine yaende sokoni. Ulezi ataomba kwa mama mkwe. Mwezi ujao tunapima tena.