Mwami Mwezi Gisabo na Mapatano ya Kiganda

Tarehe 6 Juni mwaka 1903, mahali paitwapo Kiganda katika milima ya upande wa Muramvya, mzee mmoja aliyekuwa ameketi katika enzi kwa takriban miaka hamsini alikubali mbele ya afisa wa Kijerumani mambo ambayo hakuna Mwami wa Burundi aliyepata kuyakubali kabla yake. Alikubali mamlaka ya Wajerumani. Alikubali kulipa faini ya ng'ombe 424. Alikubali kutoigusa misheni ya Mugera, na kuacha njia ipite katikati ya nchi yake kutoka Usumbura hadi misheni ya Muyaga upande wa mashariki. Zaidi ya hayo yote, alikubali kwamba watu wawili aliowahesabu kuwa waasi, Kilima na Maconco, wawe watawala wanaojitegemea katika ardhi iliyokuwa yake.

Ndugu wasikilizaji, mzee huyo ni Mwami Mwezi Gisabo, na siku hiyo ya Kiganda imezoeleka kutajwa kuwa ndiyo siku Burundi ilipopoteza uhuru wake. Hakuna awezaye kukana hayo. Lakini atazamaye miaka iliyotangulia siku hiyo, na miwili iliyoifuata, atakuta kwamba kapteni aliyeshinda Kiganda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka, na aliyeshindwa ndiye aliyebaki.

Yafaa kuanza na hali aliyoirithi. Baba yake, Ntare Rugamba, alikuwa mtu wa vita. Aliipanua Burundi pande zote, na katika maeneo aliyoyatwaa aliwaweka wanawe kuwa watawala. Alipofariki katikati ya karne ya 19, Mwezi alikuwa angali mdogo. Kaka yake Twarereye aliutaka ufalme, akapigwa na kuuawa. Nchi ikashikwa na kaka mwingine, Ndivyariye, kwa niaba ya mtoto. Mtoto alipokua aliutaka ufalme wake kwa ukamilifu, na Ndivyariye hakuwa tayari kuuachia. Hapo pakazuka ugomvi baina ya nyumba mbili za Waganwa, Wabezi wa kizazi cha Mwezi na Wabatare wa kizazi cha Ntare, na ugomvi huo uliishi kuliko wote waliouanzisha.

Wabatare walikimbilia na kujiimarisha hasa kaskazini-mashariki, katika nchi ya Bweru ya zamani, yaani upande wa Muyinga. Huko amri ya Mwami ilifika kwa shida, na mara nyingine haikufika kabisa. Mwezi alikuwa na nguvu kamili katika nyanda za kati, kuanzia Muramvya hadi Gitega. Kadiri mtu alivyozidi kwenda mbali na hapo ndivyo alivyokutana na Waganwa wanaomkiri Mwami kwa mdomo na kutawala kwa mkono wao wenyewe. Mganwa asiyeleta zawadi zake wakati wa umuganuro, sikukuu ya mtama, alikuwa ametangaza uasi bila ya kurusha mshale hata mmoja.

Karibu na Gitega, juu ya kilima cha Gishora, limebaki kumbukumbu la namna Mwezi alivyoshughulika na waasi aliowaweza. Mapokeo yasimulia kwamba Mwami alimshinda chifu mmoja aliyeitwa Ntibirangwa, na badala ya kuiacha nchi hiyo chini ya mganwa mwingine ambaye kesho naye angeasi, aliweka hapo ngoma za ufalme pamoja na watunzaji wake. Ngoma katika Burundi ilikuwa ndiyo enzi yenyewe, na ilipowekwa mahali Mwami alihesabiwa kuwa yupo. Ngoma za Gishora zapigwa hata leo, na mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Wakati nyumba ya Ntare ikigombana yenyewe kwa yenyewe, maadui wa nje walikuwa wakifika mipakani. Wangoni walifika, wakarudishwa. Mashariki palikuwa na Mirambo, mtawala shujaa wa Wanyamwezi aliyefariki mwaka 1884, ambaye majeshi yake yenye bunduki yalitisha nchi nyingi. Katika ziwa Tanganyika palikuwa na Mohamed bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, tajiri wa Ujiji aliyetafuta pembe na watumwa. Rumaliza alishika nguvu katika bonde la Imbo, kandokando ya ziwa. Lakini kila alipojaribu kupanda milimani alirudishwa, na katika miaka ya 1880 watu wa Mwami walimshinda huko Murugaru. Ndiyo maana, wakati nchi nzima magharibi ya ziwa zilipokuwa zikimwagwa watu wake kuelekea masoko ya pwani, biashara ya watumwa haikupata kuingia katika kiini cha Burundi. Jambo hili peke yake lingetosha kumpa mtu nafasi katika historia.

Na alilifanya kwa jeshi gani? Hakuwa na jeshi la kudumu la kulinganishwa na ruga-ruga wa Mirambo. Kila mganwa alileta watu wake, nao walileta pinde na mikuki. Silaha kubwa ya Mwezi ilikuwa milima, wingi wa watu, na subira. Mwami hakukaa katika mji mmoja ambao adui angeuzingira, bali alikuwa na makazi mengi, akihama kutoka hili hadi lile. Adui aliyepanda na bunduki zake alikuta mifugo imekwisha ondolewa na njia zimejaa watu wanaorusha mishale na kutoweka.

Mbinu hiyo hiyo ya kutoonekana aliitumia pia katika siasa na wageni. Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, aliikata Burundi kutoka mashariki akitafuta chemchemi za mto Nile. Watu walimshangilia njia nzima kana kwamba yeye ndiye Mwezi aliyerudi, naye akatoka akiamini kwamba nchi ile haikuwa tena na mfalme. Mfalme alikuwapo muda wote! Ni msafiri gani mwingine aliyepita katika ufalme wenye watu wengi hivyo asimwone mwenyewe?

Hata hivyo, subira ya Mwami ilijaribiwa na mambo yasiyopigwa kwa mshale. Karibu na mwaka huo wa Baumann sotoka iliteketeza ng'ombe, ikafuatwa na ndui, nzige na njaa. Ng'ombe katika Burundi ya wakati ule alikuwa zaidi ya chakula: ndiye aliyemfunga mtu kwa bwana wake na bwana kwa Mwami. Kufa kwa ng'ombe kulikata kamba nyingi za utii, na waasi wakapata wafuasi.

Ndivyo ilivyokuwa Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi huko Usumbura mwaka 1897. Mwaka 1899 Kapteni Bethe alipigana na watu wa Mwami na kumfukuza kutoka makazi hadi makazi, asimpate. Wamisionari, Mapadre Weupe, walijenga Muyaga mwaka 1898 na Mugera, kaskazini ya Gitega, mwaka 1899, bila ya Mwami kuwapenda. Wajumbe walikwenda na kurudi; yeye mwenyewe hakuteremka Usumbura.

Kapteni Robert von Beringe, aliyeshika kituo baadaye, aliona kutokuja huko ni dharau. (Ni Beringe huyo huyo ambaye jina lake limebaki kwa sokwe wakubwa wa milima ya volkano, aliowakuta huko mwaka 1902.) Aligundua kwamba bunduki zake hazikutosha bila ya macho ya wenyeji, na wenyeji wa kumwonyesha njia walikuwako. Kilima, wa kaskazini-magharibi, alijidai kuwa wa ukoo wa Ntare na alikuwa na silaha kutoka ng'ambo ya Rusizi. Maconco alikuwa mkwe wa Mwami mwenyewe, mtu aliyejua makazi yote na njia zote. Kwa mara ya kwanza Mwezi alipigana na adui aliyejua mahali pa kumtafuta, na huo ndio uliokuwa mwisho wa mbinu ya kutoonekana. Akatoka, akaja Kiganda.

Yaliyofuata hayakuwa kama Beringe alivyotazamia. Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Götzen, alikuwa amepita Rwanda mwaka 1894 na kuona falme hizi zilivyo. Kwake yeye, kuuvunja ufalme kulikuwa ni kujitafutia gharama: vipande vingi vingehitaji askari wengi, na askari hakuwa nao. Beringe aliondolewa, mahali pake pakashikwa na Kapteni von Grawert, aliyegeuza siasa yote. Mwaka 1905 Wajerumani walimtambua Mwezi kuwa mtawala wa Burundi yote. Mwaka huo huo vita vya Maji Maji vililipuka kusini, na serikali ya Dar es Salaam ikawa na sababu moja zaidi ya kutotaka vita vingine kaskazini.

Maconco, aliyepewa uhuru wake Kiganda, aligombana na Wajerumani na kuuawa nao mwaka 1905. Kilima naye alikamatwa na kupelekwa uhamishoni. Misafara ya kijeshi ilielekezwa kaskazini-mashariki, kwa Wabatare, na Kanugunu wa kizazi cha Ndivyariye akauawa. Upande wa Muyinga, ambao Mwezi alishindwa kuutiisha kwa muda wote wa utawala wake, sasa ulilazimishwa kumkiri Mwami kwa bunduki za watu wale wale waliomtoza ng'ombe 424.

Hapa ndipo panapostahili kupimwa kwa makini. Wapo wasemao kwamba Mwezi alikuwa mwanasiasa hodari aliyewatumia Wajerumani. Sifa hiyo yazidi kipimo, kwa kuwa Grawert alikuwa akifanya kazi ya serikali yake, wala si ya Mwami. Lakini pia si haki kumwita mtu aliyesalimu amri tu. Alikubali masharti ambayo yangemwacha hai na ndani ya nchi yake, akayangoja yaoze. Mkwawa wa Wahehe alipigana hadi mwaka 1898, akajipiga risasi ili asishikwe. Mwezi alichagua njia nyingine, na ufalme wake ukabaki mzima. Bei yake ilikuwa kwamba umoja uliopatikana kwa mkono wa mgeni haukumaliza ugomvi wa nyumbani. Wabatare hawakushindwa na Wabezi. Walishindwa na Wajerumani, na walipopata mgeni mwingine wa kuwasikiliza, walimwendea. Wabelgiji waliwakuta wakingoja, na chuki hiyo ya Wabezi na Wabatare ilikuwa bado hai mwaka 1961 alipouawa Louis Rwagasore, mzaliwa wa Gitega na kitukuu cha Mwezi.

Mwezi Gisabo alifariki mwezi wa Agosti mwaka 1908, akarithiwa na kijana Mutaga. Mwaka 1912 Wajerumani walihamisha makao yao kutoka Usumbura hadi Gitega, katikati ya nchi ambayo Bethe aliizunguka bila ya kumpata mwenyewe, na mwaka 1916 Wabelgiji wakawatoa humo. Nchi ya Bugufi, iliyotwaliwa na Ntare Rugamba na iliyoko ng'ambo ya pili ya mpaka wa Kobero kwa mtu atokaye Muyinga, ilibaki upande wa Waingereza wakati wazungu walipogawana, na leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara nchini Tanzania.