Ndakala, njegere na hasira ya baba



Vita ilipofika Fizi mwaka 1996, wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na jamaa yetu ikafikia kambi ya Nyarugusu. Kule ilikuwa ugali wa mahindi na njegere, kesho yake njegere tena. Baba, mutu wa Baraka, aliyezoea ugali wa muhogo, ndakala na sombe yenye mawese, akageuka mukali. Sahani ikiwekwa tu, ugomvi. Nilimuona mubaya, na sikumusamehe miaka mingi.

Njo chuoni nikasoma habari za Ancel Keys. Kati ya 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, alipunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wazima kabisa, kwa wiki 24: viazi, mkate, makaroni. Wakawa wa hasira na huzuni, hawataki watu. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi! Hapo nikafunga kitabu. Baba naye kila jioni alitueleza namna ya kuanika ndakala, na ndani ya nyumba hakuna hata kamoja.

Sisemi ni chakula peke yake. Aliacha nyumba, nyavu, makaburi ya wazazi. Lakini siku mama alipouza unga kidogo akanunua dagaa wa Kigoma, baba alicheka, akaimba mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Safari za kurudi Baraka zilianza 2005. Zamu yetu ilipofika, baba alishuka kwenye meli, akatuachia mizigo, akaenda sokoni.