Kuhama Nchi na Paka kwa Ndege: Hukmu za Shari'ah na Utaratibu wa Safari

Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Swalaah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake. Ama ba'd:

Familia nyingi za Waislamu wazungumzao Kiswahili huhama kutoka Afrika Mashariki na Ghuba kwenda Ulaya na Amerika Kaskazini kwa ajili ya kazi, masomo au kuungana na jamaa. Viza huombwa, tiketi hukatwa, vyombo huuzwa. Zikibaki wiki mbili, mara nyingi mtoto ndiye anayeuliza: na paka wetu je? Na jibu linalosikika sana ni kwamba apelekwe sokoni, huko vichwa vya samaki havikosekani.

Katika makala hii tumekusanya mambo mawili: hukmu za Shari'ah kuhusu paka wa mtu anayehama, na utaratibu wa kumsafirisha kwa ndege. Tumechukua mfano wa anayetoka Tanzania au Kenya kwenda Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sababu njia hiyo inahitaji maandalizi ya miezi, wala si ya wiki mbili.

1. Paka uliyemfuga yumo katika dhima yako

Kufuga paka ni jambo linaloruhusiwa. Imepokewa kutoka kwa Abu Qataadah (Radhwiya Allaahu 'anhu) kwamba alimwinamishia paka chombo cha maji ya wudhuu akanywa, kisha akaeleza kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amebainisha kuwa paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Wameipokea Abu Daawuud, At-Tirmidhiy na wengineo.

Lakini ruhusa hii imekuja na jukumu. Katika Hadiyth iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim kutoka kwa Ibn 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa), Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameeleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha wala kumnywesha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini.

Wanachuoni wa madhehebu ya Shaafi'iy, ambayo ndiyo iliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, wamesema kuwa ni wajibu kwa mwenye mnyama kumpa chakula na maji. Akikataa, Qaadhi humlazimisha kumlisha au kumtoa katika miliki yake kwa kumuuza. Jukumu hili haliondoki kwa sababu mwenye paka amepata viza.

2. Je, haitoshi kumwachia huru?

Baadhi ya ndugu hutoa hoja kwa Hadiyth hiyo hiyo. Wanasema mwanamke yule angesalimika lau angemwachia paka, basi nasi tukimwachia mtaani tumesalimika.

Hoja hii inahitaji kutazamwa vizuri. Hadiyth imetaja kumwachia paka ili ajitafutie riziki yake. Kinachozingatiwa ni kuwa paka apate kula na kuishi, si kufunguliwa mlango peke yake. Paka aliyezaliwa uwanjani, anayewinda panya na kurudi nyumbani usiku, hali yake si sawa na paka aliyekulia ndani ya fleti ya ghorofa ya tano, ambaye hajawahi kuwinda wala kuvuka barabara na ambaye chakula chake kimekuwa kikimiminwa sahanini kila siku. Huyu wa pili akitupwa sokoni atakabiliwa na paka wenyeji, mbwa, magari na njaa. Akifa kwa hilo, tunamchelea aliyemtupa asije akaingia katika maana ya makemeo yale yale, kwani amemnyima chakula kwa njia nyingine.

Kwa hiyo kumwachia kunafaa pale tu penye dhana yenye nguvu kuwa ataweza kujilisha. Pasipokuwa na dhana hiyo, mwenye paka ana njia mbili: kumchukua au kumkabidhi kwa mtu mwaminifu.

3. Je, ni wajibu kumchukua, na je, gharama yake si israfu?

Si wajibu kumsafirisha. Kilicho wajibu ni asidhurike kwa kupuuzwa, na hilo hutimia pia kwa kumpatia mlezi mwingine.

Ama gharama, ikiwa mtu ana uwezo, na nafaka ya mke na watoto haipungui, na deni lililofika muda wake halicheleweshwi, basi kulipia safari ya paka si israfu, kwani ni matumizi yenye lengo linalokubalika. Lakini haifai kukopa kwa riba kwa ajili hiyo, wala kutumia fedha aliyowekewa amana na mwingine. Aliye na deni la watu linalodaiwa aanze na deni.

Kumlipa wakala wa kusafirisha wanyama ni ujira wa huduma, wala hakuhusiani na khilafu ya thamani ya paka tutakayoitaja mbele.

4. Masharti ya kuingia Uingereza na Umoja wa Ulaya

Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza na Umoja wa Ulaya zinazikubali kwa masharti mepesi, kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Oman pia haimo. Kwa hiyo hatua ni hizi, na mpangilio wake haubadilishwi:

(a) Chipu. Paka huwekewa chini ya ngozi chipu ndogo yenye namba ya tarakimu 15, ya kiwango cha ISO. Ni lazima iwekwe kabla ya chanjo au siku hiyo hiyo. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Kuweka chipu si katika kumuadhibu mnyama kulikokatazwa, kwani ni mchomo mmoja wa sindano wenye manufaa ya kumtambua.

(b) Chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka awe ametimiza angalau wiki 12.

(c) Kipimo cha damu. Hutolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, na hupimwa katika maabara iliyoidhinishwa. Mara nyingi sampuli hutumwa nje ya nchi. Kiwango cha kinga kinachotakiwa ni angalau 0.5 IU kwa mililita.

(d) Kusubiri miezi 3 kamili kuanzia siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipotoka.

(e) Cheti cha afya kinachosainiwa na daktari rasmi wa mifugo wa serikali. Paka anatakiwa awasili ndani ya siku 10 tangu cheti kitolewe.

(f) Kibali cha kumtoa mnyama nchini. Tanzania, mambo haya yako chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi; Kenya, yako chini ya idara ya serikali ya huduma za mifugo.

Tupige hesabu. Paka akichanjwa tarehe 1 Januari, damu itatolewa kuanzia tarehe 31 Januari, na safari haitawezekana kabla ya mwanzo wa Mei. Hiyo ni miezi 4 kama hakuna kilichochelewa. Sisi tunanasihi mtu aanze miezi 6 kabla. Na mtoto wa paka, kwa hesabu hiyo hiyo, hawezi kusafiri mpaka akaribie miezi 7. Chanjo ikipitwa na muda kabla ya kurudiwa, hesabu huanza upya.

Anayetoka nchi iliyomo katika orodha, kama vile Imarati au Bahrain, hahitaji kipimo cha damu. Humtosha chipu, chanjo, kusubiri siku 21 na cheti cha afya.

Pia ni lazima mwenyewe asafiri ndani ya siku 5 kabla au baada ya paka wake. Akizidisha, paka huhesabiwa kuwa bidhaa ya biashara na masharti hubadilika.

5. Nchi nyingine kwa ufupi

Kanada hutaka cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kwa paka aliyetimiza miezi 3. Marekani, serikali kuu hailazimishi chanjo hiyo kwa paka, bali hutaka aonekane mwenye afya. Lakini majimbo na mashirika ya ndege yana masharti yao, na Hawaii ni kali zaidi. Australia haimpokei paka moja kwa moja kutoka nchi isiyoidhinisha, na hata aliyeruhusiwa hupitia karantini Mickleham, karibu na Melbourne. Kuingia Imarati kunahitaji kibali cha kuingiza mnyama kilichoombwa kabla ya safari. Kanuni hizi hubadilika, basi kila mmoja azithibitishe katika ubalozi au tovuti ya serikali ya nchi aendayo kabla ya kukata tiketi.

6. Tahadhari: kurudisha nyuma tarehe ya chanjo

Hapa ndipo wengi hujaribiwa. Muda umebaki wiki tatu, na mtu anajitokeza kuandika kwenye kitabu cha chanjo tarehe ya miezi mitano iliyopita kwa malipo kidogo.

Hili ni haramu kwa anayeandika na kwa anayeomba. Ni uongo na ushahidi wa uzushi, na kinachotolewa kwa ajili yake ni rushwa. Isitoshe, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakiponi, na masharti haya yamewekwa ili kulinda nafsi. Hata kama wenye nchi hiyo si Waislamu, Muislamu aliyeingia kwao kwa viza ameingia kwa ahadi, na kutimiza ahadi ni wajibu.

Na madhara humrudia paka mwenyewe. Nyaraka zikigundulika kuwa na kasoro, mamlaka huweza kumweka karantini kwa gharama ya mwenyewe, kwa muda unaoweza kufika miezi 4, au kumrudisha alikotoka, au kumuua ikiwa hapana njia nyingine. Muda ukiwa hautoshi, njia ya halali ipo: mwache kwa jamaa, chanjo na vipimo viendelee, kisha asafirishwe utakapotimia. Ikiwa wewe utakuwa umetangulia zaidi ya siku 5, muulize mapema daktari rasmi kuhusu cheti kinachofaa.

7. Kizimba na siku ya safari

Mashirika ya ndege hufuata kanuni za IATA kuhusu wanyama hai. Kizimba kiwe kigumu, chenye matundu ya hewa, na kikubwa kiasi cha paka kusimama, kugeuka na kulala bila kujikunja. Ndani itandikwe kitu kinachofyonza mkojo, na vyombo vya maji na chakula vifungwe mlangoni ili vijazwe bila kufungua. Mzoeshe kizimba hicho wiki kadhaa kabla: kiache wazi nyumbani, umlishie humo.

Baadhi ya mashirika huruhusu paka akae na mwenyewe, chini ya kiti cha mbele, na baadhi humpokea katika sehemu ya mizigo tu. Sehemu wanamowekwa wanyama hudhibitiwa hewa na joto. Wanaoingia Uingereza kwa ndege, paka wao kwa kawaida hutakiwa kuja kama mzigo uliosajiliwa. London, hupokelewa katika kituo cha wanyama cha Heathrow, na ukaguzi huchukua saa kadhaa. Weka nafasi yake pamoja na tiketi yako, kwani idadi ya wanyama katika kila ndege ina kikomo.

Usimpe dawa ya usingizi. Dawa hizo huweza kudhoofisha pumzi na mapigo ya moyo, na mashirika mengi humkataa mnyama aliyeleweshwa. Paka wenye uso bapa, kama wa Kiajemi, hupumua kwa shida, na mashirika mengi huwawekea vikwazo. Ikiwa daktari amesema paka mzee au mgonjwa hataistahimili safari, kumlazimisha ni kumdhuru, na ni bora abaki kwa mlezi.

Mpe chakula chepesi saa chache kabla ya kuondoka. Kwenye ukaguzi wa usalama huenda ukatakiwa kumtoa kizimbani, hivyo mvalishe mkanda wa kifuani asije akakuponyoka.

8. Twahaarah na Swalaah safarini

Mate ya paka na mwili wake si najisi. Mkojo na kinyesi chake ni najisi. Nywele zilizong'oka, katika madhehebu ya Shaafi'iy, chache zake zimesamehewa, na wanachuoni wengine wanaziona ni twahara. Kwa hiyo nguo yenye nywele kidogo haizuii Swalaah. Lakini usiswali huku umekibeba kizimba chenye mkojo. Kiweke kando, na uchukue nguo ya akiba katika mkoba wa mkononi.

9. Ukishindwa kumchukua

Tafuta mlezi mapema, wala usingoje wiki ya mwisho. Mweleze tabia ya paka, chakula chake na maradhi yake bila kuficha, na umwachie chakula cha kuanzia. Ama kumuuza, Muslim amepokea Hadiyth ya Jaabir (Radhwiya Allaahu 'anhu) inayokataza thamani ya paka. Jumhuri ya wanachuoni wamejuzisha kumuuza paka wa nyumbani, na wameielekeza Hadiyth hiyo kwa maana nyingine. Baadhi wameishika kwa dhahiri yake. Kutoka katika khilafu ni bora, basi mpe mlezi kama zawadi.

Khulasa ni kwamba aliyemfuga paka ataulizwa juu yake. Akihama naye, aanze miezi 6 kabla na awe mkweli katika nyaraka. Akimwacha, amwache mikononi mwa mtu, si sokoni.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Awasahilishie wasafiri safari zao, na Atujaalie huruma kwa viumbe Vyake.

Na Allaah Anajua zaidi.