Profesa Mwakyusa na kazi ya daktari anayefundisha madaktari

Wasikilizaji wetu wa Kawetele na maeneo mengine ya Tukuyu wanamfahamu Profesa David Mwakyusa kama mbunge wa zamani wa Rungwe Magharibi, na Waziri wa Afya na Ustawi wa Jamii kuanzia 2006 hadi 2010. Wengine wanamkumbuka kama daktari wa Mwalimu Nyerere. Lakini kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa madaktari Muhimbili. Hapa tunaeleza kazi hiyo ni ipi, na inamgusaje mgonjwa wa kijijini.

Muhimbili ilitoka wapi?

Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, wakati nchi ilikuwa na madaktari wazalendo wachache mno. Tangu 2007 ni chuo kikuu kamili, MUHAS.

Daktari hujifunzaje?

Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini. Darasani mwanafunzi husoma kuhusu mwili na dawa, lakini mgonjwa humjulia wodini. Mwalimu huongoza raundi kitanda kwa kitanda. Mwanafunzi hueleza historia ya mgonjwa, humpima, kisha husema anadhani ni ugonjwa gani na kwa nini. Mwalimu humuuliza, humsahihisha na kumwonyesha namna ya kuzungumza na mgonjwa.

Homa, kwa mfano, si malaria kila mara. Huenda ikawa nimonia au homa ya matumbo. Aliyezoeshwa kuchunguza kabla ya kuandika dawa ndiye atakayemwokoa mtoto wako usiku, mwalimu wake akiwa mbali.

Ukiwakuta wanafunzi kitandani kwako

Siku hizi mafunzo haya yapo karibu nasi pia, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ukipewa rufaa huko, usishtuke kuona makoti meupe mengi ukadhani unafanyiwa majaribio. Mwanafunzi husimamiwa na daktari.

Una haki ya kuuliza kila mmoja ni nani, kuomba faragha, hata kukataa, na hupaswi kunyimwa matibabu kwa sababu hiyo. Ukikubali, eleza dalili zote, na usifiche dawa za kienyeji ulizotumia. Kwa dakika hizo chache, nawe unamfundisha daktari wa kesho.