"KID" NI MTOTO WA NANI? (Sehemu ya 4)

 

Wiki iliyopita tulimalizana na kadi ya kliniki. Leo natoka kidogo wodini nawapeleka kwenye historia, kwa sababu kuna swali limekuja inbox zaidi ya mara tatu. Mama amenunua dawa ya kikohozi au vitamini, kwenye boksi pameandikwa "kids", na nyumbani ana mtoto wa miezi saba. Anauliza, huyu wangu naye ni "kid"? Nimpe?

Jibu fupi: neno hilo halina umri, na halijawahi kuwa nao tangu lizaliwe. Jibu refu ndilo hili hapa, kaeni vizuri.

Wengi wetu tulifundishwa na mwalimu wa Kiingereza kwamba ukisema "kids" umesema watoto wa mbuzi, binadamu anaitwa "child". Mwalimu hakukosea kuhusu mbuzi. Wale mabaharia kutoka Norwe na Denmark waliovamia Uingereza, kisha wakalowea huko kuanzia miaka ya 800, walikuja na lugha yao, na mtoto wa mbuzi walimwita "kið", herufi ya mwisho ikitamkwa kama "dh" yetu ya dhahabu. Waingereza walikuwa na neno lao wenyewe kwa mnyama huyo huyo, "ticcen", lakini likafa. La wageni likabaki. Kufikia karibu mwaka 1200 tayari linaonekana katika maandishi ya Kiingereza, na wakati huo ni mbuzi tu, hakuna binadamu ndani yake. Hata ile ngozi laini ya kutengenezea glavu za wakubwa ilichukua jina hilo, na ndiyo maana mpaka leo Mwingereza akitaka kusema mtu ashughulikiwe kwa uangalifu, anataja glavu za ngozi ya mbuzi mchanga.

Binadamu aliingia lini? Mwishoni mwa miaka ya 1500. Na hakuingia kwa heshima. Lilikuwa neno la mtaani, la watu wa vilabu vya pombe na wezi wa mjini, kama vile leo kijiweni mtu anavyosema "dogo". Ukiwaza sana si ajabu, mtoto anarukaruka, analia, anakula kila anachokiona, mbuzi kabisa. Sisi wenyewe tunafanya hivyo hivyo. Mchezaji mpya wa miaka kumi na saba akisajiliwa, mtangazaji anamwita "kinda", na kinda ni mtoto wa ndege. Hakuna anayekasirika.

Sasa hapa ndipo pananiuma kama mtu ninayeshika watoto kila siku.

Mwaka 1607 Waingereza walianzisha makazi Virginia, Marekani. Baada ya miaka michache wakagundua tumbaku inalipa. Tumbaku inataka mikono mingi, na mikono ikatafutwa London, kwenye watoto wa maskini. Mwaka 1619 viongozi wa jiji hilo walipeleka kundi la watoto karibu 100, waliookotwa mitaani, wakafanye kazi kule. Walipotaka kupeleka kundi lingine, baadhi ya watoto wakakataa kwenda. Unajua kilichofuata? Mwanzoni mwa 1620 baraza la mfalme lilitoa ruhusa walazimishwe. Yaani mtoto amesema hapana, na serikali ikaandika karatasi kwamba hapana yake haihesabiki.

Serikali ikishafungua mlango hivyo, wahalifu hawachelewi. Wakatokea watu wa kazi hiyo kabisa. Wanazurura bandarini, wanamrubuni mtoto kwa tamutamu au maneno mazuri, wanamwingiza melini, anauzwa ng'ambo kama mtumishi wa mkataba wa miaka kadhaa. Ilifika mahali Bunge la Uingereza, mwaka 1645, likatoa amri ya kukamatwa wanaoiba na kuuza watoto wadogo. Wezi wa mjini walikuwa na neno lao la kunyakua, "nap". Wakaunganisha: "kid" na "nap". Ndivyo lilivyozaliwa, katika nusu ya pili ya miaka ya 1600, neno la Kiingereza la utekaji, "kidnap". Leo linatumika hata kwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini lilianza kwa maana yake halisi: kumnyakua mtoto. (Watoto hawa mkataba wao ulikuwa na mwisho, angalau kwa aliyebaki hai. Waafrika waliopelekwa mashamba yale yale hawakuwa na mwisho. Tusichanganye.)

Kuna mmoja tunamjua kwa jina. Peter Williamson alikuwa kijana mdogo alipochukuliwa bandarini Aberdeen, Uskoti, mwaka 1743. Akavushwa bahari, akauzwa Philadelphia. Alikulia huko, akapitia mengi, akarudi Uingereza mtu mzima, na mwaka 1757 akachapisha kitabu cha kisa chake. Alipofika Aberdeen kukiuza, wakubwa wa mji wakamshtaki kwamba anawachafua jina. Kurasa zilizowataja zikachomwa hadharani, yeye akafungwa na kutozwa faini. Hakunyamaza. Alikwenda kudai haki mahakamani Edinburgh, watu wakatoa ushahidi jinsi biashara ile ilivyoendeshwa, akashinda na kulipwa fidia. Nikimfikiria huyu huwa nawaza mama na baba yake, maana kitabu ni chake, lakini siku ile jioni mtoto hakurudi nyumbani, hiyo ilikuwa ya wazazi.

Basi neno hili lililotoka zizini likapita mdomoni kwa wezi, lilifikaje kwenye boksi la vitamini lenye picha ya twiga anayecheka? Lilipanda ngazi polepole. Kufikia miaka ya 1840 limeshaingia kwenye nyumba za wakubwa. Mwaka 1841 mwanasiasa mmoja wa Uingereza, Lord Ashley, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Shaftesbury, aliandika kwenye shajara yake kuhusu siku chache za furaha na mke wake na watoto, na hao watoto akawaita "kids". Neno la kijiweni, limeandikwa na mtu wa tabaka la juu, kwa upendo. Kinachonigusa zaidi ni mwaka uliofuata. Mwaka 1842 huyo huyo aliongoza kupitishwa sheria ya kukataza wanawake wote, wasichana wote, na wavulana chini ya miaka 10 wasifanye kazi chini ya ardhi kwenye migodi. Kabla ya hapo kulikuwa na watoto wa miaka mitano, sita, wanakaa gizani siku nzima kazi yao kufungua na kufunga milango ya kupitisha hewa.

Angalieni lakini jambo moja. Nyumbani aliandika "kids". Kwenye sheria iliandikwa miaka: 10. Sheria haiwezi kumlinda mtu kwa neno la mahaba, inataka namba. Na ndivyo ilivyo hadi leo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Mtoto yetu ya 2009 hapa Tanzania inasema hivyo hivyo. Filamu inaweza kuitwa The Kid, kama ile ya Charlie Chaplin ya 1921 yenye kichanga kilichotelekezwa, na sote tukalia. Mahakama haiwezi.

Wala dozi haiwezi. Hapa narudi kwa mama wa miezi saba.

Kuna neno jingine mtaliona kwenye chupa, "infant". Hili limetoka Kilatini, maana yake asiyeweza kusema. Hospitali tunamaanisha mtoto ambaye hajafikisha mwaka. Lakini katika sheria za zamani za Uingereza, "infant" alikuwa mtu yeyote chini ya miaka 21! Jitu lina masharubu, linaitwa asiyejua kusema. Mnaona maneno haya yalivyo?

Na yameshaumiza watu. Marekani kwa miaka mingi parasetamoli ya maji iliuzwa za aina mbili: ya matone kwa ajili ya "infant", na ya kijiko kwa ajili ya "children". Mzazi yeyote angedhani ya kichanga ndiyo nyepesi. Kumbe kinyume. Ya matone ilikuwa kali karibu mara tatu, ili kichanga asimeze maji mengi. Mzazi dawa ya mkubwa imeisha, anachukua ya mdogo, anampimia mkubwa kijiko kizima, akiamini ni salama zaidi. Parasetamoli ikizidi inaua ini. Watoto waliumia, wengine walifariki. Mwaka 2011 watengenezaji walikubali kubadilisha, zote ziwe na nguvu moja.

Kwa hiyo mama, ukishika chupa, lile neno kubwa la mbele lenye rangi ni la biashara. Geuza nyuma. Tafuta maandishi madogo: miezi mingapi, kilo ngapi, miligramu ngapi kwenye mililita tano. Usipoyaona, au yakiwa kwa lugha usiyoisoma, mwulize mfamasia kabla hujalipa, siyo ukifika nyumbani. Mwambie umri kwa miezi na uzito wa mwisho kwenye kadi. Tumia kipimio kilichokuja na dawa, kijiko cha chai cha jikoni kila nyumba kina chake. Na kwa huyo wa miezi saba: dawa za kikohozi za dukani asipewe, hizo si za chini ya miaka miwili. Kama ndani kuna asali, hata ya kulamba, hapana mpaka atimize mwaka. Akipumua kwa shida, kifua kinabonyea au amekataa kunyonya, usinisubiri inbox, nenda kituo cha afya muda huo huo.

Watoto wenu waiteni "kids" mkitaka, mimi sina ugomvi na mbuzi.

Sehemu ya 5 ni wiki ijayo nikitoka zamu za usiku. Nitaeleza neno "nesi" lenyewe, maana zamani huko Uingereza nesi alikuwa mwanamke anayenyonyesha mtoto wa mwenzake, na wagonjwa hawakuwemo kabisa.